Ahadi ya Mama kwenye Ukuta wa Kinyozi

Jumatatu, 4 Agosti

Kazi ya leo: sentensi moja. Tangu nilipofika ofisini mpaka nilipofunga dawati, sentensi moja tu – na Mkurugenzi ameikataa kila nilipompelekea. Ya kwanza ilitisha mno. Watu ukiwatisha sana, anasema, wanazima redio na kulala. Ya pili ilikuwa na takwimu. Takwimu ni za kuwaonyesha wafadhili. Ya tatu ililaumu. Ya nne hata mimi sikuielewa nilipoirudia.

Mwishowe nikachukua methali kavukavu, nikaiwekea swali: "Ahadi ni deni. Ya kwako ni ipi?" Akapiga meza. Hiyohiyo!

Basi kampeni ndiyo hiyo. Kadi ndogo za kijani. Mtu anachagua kitu kimoja kwenye orodha, anaahidi kukiacha mwaka mzima ili kupunguza hili joto la dunia, anaandika jina lake au kazi yake, na kadi inabandikwa ukutani mahali penye watu – zahanati, sokoni, kwa kinyozi. Wazo la ukuta ni langu. Niliwaambia kikaoni: mtu akiahidi moyoni, kesho anajisamehe. Akiahidi mbele ya jirani, hana wa kumsamehe. Wakacheka, halafu wote wakainama kuandika.

Orodha si yangu. Ilikuja na mradi, mimi nimeitafsiri tu. Gari lako. Safari za ndege. Nyama ya kila siku. Kiyoyozi. Mashine ya kukaushia nguo – na jua lote hili! Mwisho kabisa: safari ndefu isiyo ya lazima.

Tumbo limeanza kuonekana hata ndani ya gauni pana. Mchoraji wetu wa mabango ameliona, akageuza macho dirishani. Mtu mwenye adabu zake.

Jumatano, 13 Agosti

Kuta ni tupu. Tumepeleka kadi miji yote ya mradi, na zilizorudi zingetosha kufunikia kikombe. Kwenye zahanati moja mtu ameandika: "Naahidi kuacha kwenda kwa mama mkwe. Safari ndefu isiyo ya lazima." Mchoraji ameibandika juu ya dawati lake. Anasema huyu ndiye mtu pekee aliyesoma orodha mpaka mwisho.

Mkurugenzi alipiga simu kutoka uwanja wa ndege, yuko njiani kwenda mkutano wa tabianchi. Anataka kujua kwa nini maneno hayashiki. Nikamwambia tuyape muda.

Mume wangu – Mwalimu, kama mtaa mzima unavyomwita, maana anafundisha hesabu na hawezi kuiacha darasani – anasema nimwambie Mama sasa. Mwezi wa saba huu, unangoja nini, mtoto aanze kutembea? Najua. Lakini mara mbili nilimwambia mapema, na mara mbili nikampigia tena kumwambia hakuna kitu. Sauti yake mara ile ya pili siisahau. Nikasema safari hii nitamwambia mimba ikiwa imekomaa, asiyeweza kungoja asingoje.

Jumatatu, 18 Agosti

Habari ya mwaka. Ukuta mmoja umejaa! Msimamizi wetu wa mikoani ametuma picha: duka la kinyozi, ukutani kadi za kijani zimepangana mpaka karibu na kioo. Anasema ilianza na kadi moja. Kuna mshonaji mmoja mtu mzima, anaheshimika mtaani, aliibandika yake mwenyewe mchana kweupe, watu wakanyoosha shingo kusoma. Kesho yake fundi pikipiki akaahidi kwenda kazini kwa miguu. Halafu mpishi wa hoteli. Halafu hata kinyozi.

Nikaikuza ile picha. Kadi ya kwanza. Mwandiko umelala upande wa kushoto, na herufi ya kwanza kubwa kama mwanzo wa sura ya Biblia – ni ule ulioandika jina langu kwenye kola za sare zangu zote za shule. "Naahidi sitapanda gari wala basi mpaka Agosti ijayo. Mshonaji."

Mama.

Kwanza nilicheka mwenyewe kama mwehu. Halafu nikaona fahari, yaani fahari ya kunyanyua mabega. Mtu niliyekuwa nikimwandikia miaka yote hii bila kumjua, kumbe anaishi kwetu!

Halafu nikakumbuka kwamba Mama ana safari moja tu kwa mwaka, nayo ni ya kuja kwangu, mwezi wa kumi na mbili. Na kwamba mwaka huu nilitaka aje mapema, mwezi wa kumi. Na kwamba bado hajui kwa nini.

Ofisini sikusema ni mama yangu. Kuna kanuni: ahadi za ndugu wa wafanyakazi hazihesabiwi. Wakimtoa yeye, ukuta wote unaondoka naye.

Jumapili, 24 Agosti

Nimemwambia.

Nikasikia anacheka, kisha si kicheko tena. "Miezi saba! Na kila Jumapili nakuuliza habari za mwili, unaniambia tumbo linanisumbua kidogo." Nikasema si uongo, linanisumbua. Akaniita Bibi Maneno, jina la utotoni. Akauliza miguu imevimba? Nalalia ubavu gani? Mwalimu anachota maji au anapiga hesabu ya maji? Tulikuwa tumefurahi, jamani. Muda mrefu sijamsikia hivyo.

Ndipo nikasema: basi utakuja, Mama. Mwisho wa mwezi wa kumi.

Nikasikia akivuta kiti, akakaa.

"Nimeshaahidi, mwanangu."

Nikamwambia hakuna aliyemlazimisha. Kwa nini yeye, mtu asiye na chochote cha kupunguza? Akanieleza taratibu, kama anavyomweleza mteja kwamba kitambaa alicholeta hakitoshi. Alikaa na orodha yangu, na miwani. Gari hana. Ndege anaiona ikipita. Nyama, mimi mwenyewe najua wanaila lini. Kiyoyozi hakijui, na ile mashine ya kukausha nguo alidhani nimeandika utani. Akashuka mpaka chini. Safari ndefu. "Nikasema haya, hii ninayo. Moja kwa mwaka, lakini ninayo."

Lakini kwa nini uahidi kabisa, Mama?

"Ukuta ulikuwa mtupu. Kila nikipita kwa kinyozi naona maneno yako juu, chini yake hakuna kitu. Watu wanapangusia mikono. Ulinipigia simu ukaniambia, Mama, yale ni maneno yangu. Sasa ningefanyaje?"

Mwalimu akachukua simu, akamweleza kwamba basi litasafiri hata kiti chake kikiwa wazi, moshi ni uleule. Mama akamsikiliza kwa heshima, mkwe ni mkwe. Halafu akasema: "Nyuma ya kadi mke wako ameandika, usiseme mtu mmoja habadilishi kitu. Sasa kati yenu nani anasema kweli?"

Mwalimu akanirudishia simu.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimejaribu kila chombo cha kazi kwa mama yangu mzazi.

Hofu: nikamwambia presha inapanda. (Kweli inapanda.) Akasema basi fuata dawa na uache kazi ya kukaa, mimi si daktari.

Majirani: nikamwambia mwanamke wa nyumba ya pili alipojifungua, mama yake alikuja akakaa mwezi mzima. Akasema kumbe kuna mtu mzoefu hapo jirani, vizuri.

Lawama: nikamuuliza kama kadi ni muhimu kuliko mjukuu. Hapo akakata simu. Baadaye akapiga mwenyewe, hakulitaja, akaniuliza kama nimekula.

Ninachokiona ni hiki: si ubishi wake tu. Mteja akiambiwa nguo Ijumaa, anaipata Ijumaa, hata Mama akishona kwa mshumaa. Jina lake lote mjini limeshonwa kwa hilo. Na sasa fundi pikipiki anapita mlangoni kwake kila asubuhi kwa miguu, anamsalimia, anamwonyesha viatu vilivyoisha soli. Akipanda basi, atamwangaliaje?

Na mimi ndiye niliyesema kikaoni kwamba aliyeahidi mbele ya jirani hana wa kumsamehe. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Sasa nimo ndani naangalia juu.

Namtaka mama yangu. Nimelia bafuni, bomba likiwa wazi Mwalimu asisikie. Maji yakimwagika hivihivi. Mtu wa kampeni!

Alhamisi, 18 Septemba

Nimelazwa. Daktari hakutaka mjadala: presha hii huendi nayo nyumbani, utakaa hapa mpaka ujifungue. Kitanda cha dirishani. Wa kitanda cha pili anangoja mapacha na anakoroma kwa wote watatu.

Mkurugenzi amekuja kunijulia hali, na matunda. Alikaa ukingoni mwa kiti akaanza kazi. Wafadhili wameupenda ukuta wa kinyozi. Anataka bango kubwa la yule mshonaji, miji yote. "Mama Aliyeacha Safari." Amekwishamtuma Mchoraji na mpiga picha, wameondoka leo.

Kwa gari? nikauliza.

Magari mawili, kwa sababu ya taa.

Hapo nikamwambia. Mzee, huyo ni mama yangu. Safari aliyoiacha ni ya kuja hapa, kwenye kitanda hiki. Nilidhani atakasirika, kanuni ni kanuni. Nilikuwa tayari kwa hilo, hata nilikuwa nalitamani, amfute tu yaishe.

Hakukasirika. Alisimama. Akatembea mpaka dirishani, akarudi, macho yanawaka. Hiyo, anasema, ni dhahabu.

Jumanne, 30 Septemba

Mchoraji ameniletea nakala ya bango niipitie. Alisimama mbali na kitanda akakunja mikono kama mtu wa msibani.

Picha ni nzuri. Mama yuko kwenye cherehani, mguu juu ya pedali, anaangalia kamera kama anavyomwangalia mteja asiyetaka kusimama wima apimwe. Mkononi ana kitu kidogo cheupe. Nikakisogeza karibu. Shati la mtoto mchanga, mikono bado haijaunganishwa.

Chini, kwa herufi nene: "Hatamwona mjukuu wake akizaliwa. Amefanya hivi kwa ajili ya mjukuu wake."

Nikamuuliza nani ameandika. Mkurugenzi mwenyewe, ndani ya ndege.

Ni sentensi nzuri. Hilo ndilo linaloniuma. Haitishi kupita kiasi, haina takwimu, hailaumu mtu. Ingekuwa mama wa mwingine ningeipitisha kwa mikono miwili na kuomba niandikwe jina. Mkuki kwa nguruwe.

Mchoraji akasema kitu kimoja kabla ya kuondoka. Walipomaliza kupiga picha, walimwambia Mama gari linarudi huku na nafasi ipo, apande tu, hakuna atakayejua. Akawashukuru. Akawapa begi la nguo za mtoto waniletee. Akawauliza mara mbili kama hospitali hii wanaruhusu mgonjwa aletewe chakula. Kisha akaingia ndani, hakutoka kuwapungia.

Sijaweka saini. Nimemwambia Mkurugenzi akitaka bango hilo aandike jina lake chini. Nguo za mtoto ziko hapa chini ya mto. Nimezihesabu na kuzikunja upya kutwa.

Jumamosi, 4 Oktoba

Kumbe nimekuwa namshawishi mtu asiye sahihi. Mama hajafungwa na Mama. Amefungwa na wale walioweka kadi baada yake. Basi niwaombe wao.

Nimeandika ujumbe kwa kinyozi, awasomee dukani. Wa kwanza ulikuwa mzuri sana, una mwanzo, una mvuto, una methali. Nikaufuta. Wa pili ulinitoa mimi mwenyewe machozi, nikaufuta pia, maana nilijua hasa ni neno gani lingewaliza. Huu ndio nilioutuma:

"Mimi ndiye niliyeandika maneno yaliyo juu ya ukuta wenu. Mshonaji ni mama yangu. Nimelazwa, nangoja mtoto wa kwanza baada ya wawili waliopotea. Nilipoandika 'safari isiyo ya lazima' sikujiuliza nani ataamua ipi ni ya lazima. Naogopa na namtaka mama yangu. Naomba mumruhusu avunje ahadi yake. Yenu siwezi kuwaambia chochote."

Sentensi ya mwisho mbaya. Mkurugenzi angeirudisha. Nimeituma hivyohivyo.

Jumanne, 7 Oktoba

Kinyozi amepiga, na nyuma yake mashine inavuma kichwani mwa mtu. Amewasomea mara tatu, kwa sababu wanakuja kwa zamu.

Wengine wanasema mtu akijifungua mama yake huja, hiyo wala si safari. Mpishi wa hoteli anasema sawa, lakini kama kwake mjukuu ni lazima, kwangu goti ni lazima, na mimi nimepanda kilima cha hotelini kwa miguu tangu Agosti. Fundi pikipiki alisimama mbele ya ukuta akasoma kadi yake mwenyewe, akaenda zake.

Kwa hiyo wamekataa? nikamuuliza.

"Dada, hawajakataa. Hawajakubali pia. Wananyolewa wanaondoka."

Mama anajua? Akasema mjini kwao nani asiyejua. Alipita jana asubuhi, ujumbe ukiwa unasomwa. Alisimama mlangoni mpaka mwisho, akasema haya, akaenda sokoni kununua uzi.

Presha ya jioni si nzuri. Nesi ameandika bila kuniangalia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Daktari aliamua usiku: ni leo mchana. Hawangoji tena mwisho wa mwezi, watamtoa mtoto. Mwalimu amekwenda kutafuta wa kumshikia vipindi, ananitumia ujumbe kila dakika, hana hata hesabu moja ndani yake.

Mama amepiga sasa hivi. Sauti ya honi, watu, mtu anaita majina ya miji.

Akaanza na ugomvi. "Nani alikutuma uniombee ruhusa kwa watu? Mimi mtoto wa shule?" Nikamwambia ni leo, Mama. Akasema anajua, Mwalimu alimpigia kabla hakujapambazuka. Ndipo akafunga mkoba. Alitaka kuondoka kimya na basi la kwanza, uso ndani ya khanga, kama mwizi – anasema hivyo mwenyewe, kama mwizi, umri huu. Kufika stendi, amewakuta. Kinyozi amefunga duka. Mpishi yupo na goti lake. Fundi pikipiki alimkuta mlangoni kwake akambebea mkoba mpaka hapo, kwa miguu. Hawakuja kumzuia. Wamekuja kumsindikiza.

"Lakini kinyozi amekuja na kadi yangu mkononi," akasema. "Anataka kujua airudishe ukutani au aichane. Wanabishana hapa mpaka kondakta ameingilia. Wengine wanasema ikirudi, ukuta ni wa uongo. Wengine wanasema ikichanwa, jioni hakutabaki hata moja. Fundi anasema yeye atafanya litakalosemwa, na pikipiki yake ina mafuta. Mimi nimewaambia mwandishi yupo. Nimekuweka kwenye spika."

Nikafungua mdomo. Nikasema: "Kila mmoja wetu kwa nafasi yake..."

"Usinisomee kipeperushi," Mama akasema. "Dereva anamalizia chai. Fikiria vizuri, nakupigia tena. Sipandi mpaka useme."

Akakata.

Nesi ameleta gauni la chumba cha upasuaji, liko hapa miguuni. Nimempigia Mama, simu inatumika. Nimempigia tena. Nimeandika jibu hapa mara kadhaa na kulikata, kila moja linatoka likiwa limenyooka kama la ofisini, na lingefaa sana kwenye bango. Nilicho nacho mpaka sasa ni nusu tu. Panda, Mama. Kuhusu kadi, sijui.